Kufuli Mbili na Mkebe wa Vifungo

Mlango wa duka la dobi ulikuwa na kufuli mbili, moja juu na moja chini, na hakuna mtu aliyeweza kuufungua peke yake. Ufunguo wa kufuli ya juu ulikaa mfukoni mwa shemeji yake Nusu. Wa kufuli ya chini ulining'inia shingoni mwa Nusu kwa kamba ya kiatu. Kila asubuhi aliyetangulia alimsubiri mwenzake kibarazani, na kwa kuwa shemeji na asubuhi hawakuwahi kupatana, anayesubiri alikuwa Nusu. Wateja walizoea kumkuta pale, mikono kifuani, akiutazama mlango wa mali yake mwenyewe kama mgeni aliyebisha hodi asijibiwe.

Nusu lilikuwa jina la utani. Wasiojua walidhani limetokana na duka, kwa sababu nusu ya duka ilikuwa yake na nusu ya shemeji. Walikosea. Jina lilitoka mezani, kwenye karata, na kulieleza kunahitaji kwanza kueleza duka.

Duka lilianzishwa na marehemu mumewe, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa, aliyefanya kazi ya upishi kwenye kambi ya machimbo mpaka akachoka kupikia wanaume wenye hasira. Akarudi mjini, akajenga karo mbili za saruji, akafunga kamba uani, akaanza kufua. Kwenye sakafu karibu na bomba uliachwa mkono wake, vidole vitano vilivyozama kwenye saruji ikiwa bado mbichi, siku aliyoteleza akijisifu kwamba sakafu yake haitelezi. Siku moja alianguka akianika blanketi na hakuinuka. Walipomaliza kuzika, mama mkwe aliwaita mkwewe na mwanawe mdogo, akawaambia duka ni nusu kwa nusu. Nusu shari kuliko shari kamili, alisema, na asiyetaka aseme sasa hivi wakati machozi bado yapo. Hakuna aliyesema.

Wiki ileile shemeji alinunua kufuli mpya na kuipachika juu. Alisema wezi wamezidi. Nusu hakubisha. Aliiacha ile ya zamani ya mumewe pale chini, na ufunguo wake akauvaa. Kila mmoja alimsubiri mwenzake ajitolee ufunguo wa akiba, na subira hiyo ikafika miaka kumi na moja.

Wasidhani watu kwamba walichukiana. Walisalimiana vizuri, walichekeshana, na mtoto wa shemeji akiugua Nusu ndiye aliyekesha naye. Walikuwa hawaaminiani tu, basi, jambo ambalo ndugu wengi hulifanya kimyakimya na wao wakalifanya kwa chuma.

Kazi iligawanyika yenyewe. Nusu alifua. Alijua damu haitaki maji ya moto, kwamba doa la mafuta hupakwa sabuni kavu kabla halijaona maji, na kwamba shati jeupe la mtu bahili litakuja na jasho la wiki mbili kwenye kola. Methali ya kikulacho ki nguoni mwako yeye aliielewa kuliko watu wengi, maana alikuwa ameshawatoa kunguni kwenye suti za watu wenye majina. Shemeji alipiga pasi. Alianza na kola, kisha mabega, kisha mikono, na mwisho mgongo, kwa mwendo mmoja usiorudia. Kitufe cha kupimia moto kwenye pasi yake kilikuwa kimefutika namba zamani, kwa hiyo alipima kwa kidole: anakilowesha ulimini, anagusa chuma, anasikiliza. Ikilia tsss fupi, iko tayari. Alifanya hivyo mara nyingi sana kwa siku hata kidole chenyewe kikawa na ngozi ngumu kama kisigino.

Sasa tuje kwenye karata.

Kila Jumamosi mchana, mteja wa mwisho akishaondoka, meza ya kupigia pasi ilitandikwa shuka kuukuu, na watu wanne wakaketi. Nusu, shemeji, fundi saa wa duka la pili, na Mwalimu, mama mstaafu aliyeleta sketi yake kufuliwa kila wiki ingawa haikuwa chafu. Mchezo waliurithi kwa marehemu, aliyejifunza kambini. Kila mchezaji anapewa karata saba. Mbili za kwanza zinafichwa, nne zinazofuata zinawekwa wazi moja baada ya moja, na ya saba inafichwa tena. Baada ya kila karata watu wanaweka dau, na asiyeweza kufuata dau la mwenzake anatupa karata zake, anapoteza alichokwisha kuweka. Mwisho fungu lililoko katikati linakatwa vipande viwili. Kipande kimoja huenda kwa mwenye karata tano za juu kuliko wote, kingine kwa mwenye karata tano za chini kuliko wote. Ree, yaani ile karata ya moja, ni ya namna yake: ukitaka ni kubwa kuliko mfalme, ukitaka ni ndogo kuliko mbili, na inaweza kukufanyia kazi zote mbili kwa wakati mmoja.

Dau lilikuwa vifungo. Mama mkwe alikuwa ameapa kwamba akisikia sarafu inalia juu ya meza ile atakuja na mwiko, na hakuna aliyetaka kumjaribu. Basi walitumia mkebe wa vifungo vilivyokatika kwenye nguo za wateja na ambavyo wenyewe hawakuviulizia. Cha shati kilikuwa kimoja, cha koti kilihesabiwa vitano. Fundi saa alilia kwa ajili ya kifungo cha koti kama mtu aliyeibiwa koti lenyewe.

Kulikuwa na desturi moja mwishoni, na hiyo ndiyo inayotuhusu. Kabla ya kufunua karata, kila aliyebaki anaficha mkono chini ya meza na kuutoa ukiwa umekunjwa ngumi. Wote wanafungua pamoja. Kiganja kitupu maana yake nagombea kipande cha chini. Kifungo kimoja, nagombea cha juu. Vifungo viwili, nataka vyote. Na mwenye kutaka vyote, akishindwa upande mmoja tu, hata kwa karata moja, anapoteza kote.

Katika miaka kumi na moja Nusu hakuwahi kufungua kiganja chenye vifungo viwili, na hapo ndipo jina lilipotoka.

Si kwamba hakujua kucheza. Alikuwa ndiye mchezaji bora pale, na wenzake walikiri, japo kwa kununa. Hakutazama karata zake kwanza, alitazama za wenzake zilizo wazi. Akiona watatu wote wana wafalme na malkia mbele yao, alijua watararuana upande wa juu, na upande wa chini uko wazi kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Hapo alibaki hata na karata mbovu, na alipandisha dau bila huruma, kwa sababu kila kifungo walichotia wale watatu kugombea kipande chao, nusu yake iliingia kwenye kipande chake asichogombana na mtu. Akiona wawili wana karata ndogo, alitupa zake mapema, akainuka kwenda kugeuza soksi kwenye kamba. Mwalimu yeye hakuweza kutupa. Akiwa na karata nne ndogo aliisubiri ya tano mpaka mwisho wa dunia, ikija ni malkia. Fundi saa alifikiri muda mrefu, halafu akafanya alichotaka kufanya tangu mwanzo. Na shemeji alidanganya.

Shemeji alidanganya kwa raha. Alipandisha dau akiwa hana hata jozi, akakutazama usoni na kukuuliza habari za mjomba wako. Mara nyingi ilimfaa, watu wakakimbia. Lakini Nusu alikuwa amefanya kazi naye meza hii na karo ile kwa miaka, na aliona kitu ambacho hata mke wa shemeji hakukiona. Shemeji akiwa na karata nzuri kweli, mikono yake ilitulia. Akidanganya, alilowesha kidole. Kidole kilekile cha pasi, ulimini kidogo, kisha kikarudi mezani kama hakikwenda popote. Nadhani alikuwa akipima moto bila kujua. Nusu hakumwambia mtu, na wala hakuitumia siri hiyo sana. Ilimtosha kuijua.

Jumanne moja Matroni wa hospitali ya jirani aliingia dukani mwenyewe, bila mashuka. Hospitali ilikuwa ikiwapa mashuka ya wodi moja tu. Sasa alitaka kutoa ya wodi zote, lakini kwa sharti. Mwaka uliopita mashuka ya wodi ya wazazi yalichanganywa na ya hoteli, na alipouliza, Nusu alisema yaliyoanikwa aliyakunja shemeji, na shemeji akasema yaliyokunjwa aliyahesabu Nusu. Matroni hakutaka kurudi kwenye wimbo huo. Alimvuta Nusu pembeni ya karo.

"Nataka mtu mmoja wa kumgombeza," alisema. "Mmoja. Awe wewe au awe yeye, lakini ukitaka ukweli, mimi namtaka anayejua kutoa damu kwenye shuka."

Akaongeza kwamba nyuma ya hospitali kulikuwa na chumba cha zamani cha kufulia, chenye bomba na karo mbili, kimejaa vitanda vilivyovunjika na paa linavuja. Kama hapa hapatoshi, kile kipo. Alitaka jibu Jumatatu.

Nusu alitaka kazi ile. Tuseme wazi: aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu afiwe. Lakini aliitaka hapahapa, kwenye karo za mumewe, na mkono ule wa saruji karibu na mguu wake. Ikiwa kuna jibu litakalompa vyote viwili, lilikuwa limefungwa na kufuli mbili.

Alimweleza shemeji Alhamisi, wakati wa kufunga, pasi ikiwa imechomolewa na imepoa. Alisema polepole kwamba Matroni anataka jina moja na kwamba analitaka lake. Shemeji alikunja uso, akazunguka meza, akatua kwenye neno. Alisema hakuna tatizo, jina liwe moja, lakini liwe lake yeye, maana watu watasema nini wakisikia mwanamume yuko chini ya shemejiye. Na kama haiwezekani, basi yeye amechoka. Muuza simu wa kona ya pili anaitaka nusu yake, wamekwisha kuzungumza, atajenga ukuta katikati na karo moja itavunjwa. Ile ya upande wa bomba.

Akalowesha kidole.

Nusu alikiona kidole kikienda ulimini na kurudi. Pasi ilikuwa baridi. Hakuna cha kupima. Alishusha pumzi, kwa sababu alijua hapo hapo kwamba hakuna muuza simu, hakuna ukuta, hakuna mazungumzo yoyote ya kona ya pili. Alisema atafikiri. Akaenda zake nyumbani akiwa na amani, na amani hiyo ilikuwa ya mchezaji: atakaa, hatakimbia, atamwacha shemeji na uongo wake mpaka uishiwe mvuke. Jumatatu atamwambia auze basi, na shemeji hatauza.

Lakini kabla ya Jumatatu kuna Jumamosi.

Jumamosi hiyo Nusu alipata karata ambazo mtu huzipata mara moja mpaka azeeke. Zilizofichwa zilikuwa ree na tatu. Wazi zikaja mbili, nne, kisha tano. Moja mpaka tano kwa mfululizo: kwa upande wa chini hakuna kitu duniani kinachozishinda, na kwa upande wa juu mfululizo ni silaha ya kutosha kumpiga mwenye jozi mbili au hata watatu wa namna moja. Ya nne ya wazi ilikuwa malkia, haikuongeza wala kupunguza. Mbele ya shemeji kulikuwa na wafalme wawili na saba mbili. Fundi saa alitazama wafalme wale, akafikiri, akatupa. Mwalimu alishikilia na karata zake nne ndogo, akaletewa malkia wake wa kila siku, na dau lilipopanda mara ya tatu naye akatupa, akisonya.

Wakabaki wawili. Shemeji alisukuma vifungo vya koti, vyote alivyokuwa navyo. Alikuwa anasema, kwa njia hiyo, kwamba katika karata zake zilizofichwa kuna mfalme wa tatu au saba ya tatu, na kwamba ana watatu na jozi juu yake, kitu ambacho pale mezani walikiita familia. Familia inaupiga mfululizo. Nusu akiomba vyote na familia iko kweli, atatoka mikono mitupu.

Shemeji alimuuliza Mwalimu habari za mjomba wake. Kisha akalowesha kidole.

Nusu alifuata dau lake, kifungo kwa kifungo. Mkono wake ukaenda chini ya meza. Vidole vilipapasa vifungo viwili alivyoviweka mapajani, vikavishika, vikaviacha. Ngumi zikaja juu. Shemeji akafungua, kifungo kimoja. Nusu akafungua, kiganja kitupu.

Shemeji hakuwa na familia. Alikuwa na jozi zake mbili zilezile zilizokuwa wazi tangu mwanzo na takataka tatu chini yake. Alicheka mpaka akakohoa. Wakagawana fungu katikati, yeye cha juu, Nusu cha chini.

Mwalimu, ambaye hana haya na karata za watu, alizigeuza za Nusu na kuzipanga. Ree, mbili, tatu, nne, tano. Alizitazama muda.

"Ulikuwa na vyote mkononi," alisema.

"Mshika mbili moja humponyoka, Mwalimu."

"Sawa. Hebu hesabu ulichopata."

Nusu akahesabu. Ukiondoa vifungo vichache vya Mwalimu na fundi saa, kilichokuwa mbele yake kilikuwa kile alichokitia mwenyewe. Cha shemeji kimerudi kwa shemeji, chake kimerudi kwake.

"Wawili mkibaki, mmoja juu mmoja chini, hakuna anayemla mwenzake," Mwalimu alisema, akiokota mkoba wake. "Mnapiga kelele tu, halafu kila mtu anarudi nyumbani na vifungo vyake."

Hakuwa anasema lolote zaidi ya karata. Mwalimu hakujua habari za Matroni wala za Alhamisi. Lakini Nusu alibaki ameketi mpaka fundi saa alipomuuliza kama mgongo unamuuma.

Jumapili aliipitisha nyumbani akikuna sufuria ambazo tayari zilikuwa safi. Aliichukua ile mipango yake ya Jumatatu na kuitazama upya. Atakaa. Shemeji atashikwa uongo. Halafu? Halafu duka litabaki nusu kwa nusu, mlango na kufuli mbili, na yeye kibarazani asubuhi na mikono kifuani. Matroni atawapa kazi watu wengine. Angeshinda, na ushindi wenyewe ungekuwa kurudishiwa alichokuwa nacho. Miaka yote ile alijisifu kwamba hakuwahi kufilisika mezani. Sasa aliona kwamba kugombea nusu kunagharimu dau lilelile analotoa mwenye kugombea vyote. Ameamka mapema kama mwenye duka zima, mikono imebabuka kwa sabuni kama ya mwenye duka zima. Aliumia, na akakasirika, na hasira hakujua ampe nani, maana shemeji hakuwa amemlazimisha kufungua kiganja kitupu.

Jumatatu alifika kibarazani kama kawaida na kusubiri kama kawaida. Shemeji alipotokea akitafuna mswaki, Nusu alivua ufunguo shingoni, akafungua kufuli ya chini, akaitoa kwenye komeo na kuitia mfukoni. Shemeji aliangalia komeo lililobaki wazi.

"Sasa kufuli unaipeleka wapi?"

"Naondoka nayo, Shemeji. Duka ni lako. Uza, usiuze, mimi sikuzuii. Nimechukua kazi ya Matroni, nitafulia kulekule hospitali."

Shemeji aliutoa mswaki mdomoni.

"Unatupa karata? Hujaona hata nilichoshika."

"Nimekiona tangu Alhamisi. Hakuna muuza simu."

Shemeji aliurudisha mswaki mdomoni, akautoa tena; kwa mara ya kwanza hakumuuliza mtu habari za mjomba wake.

"Kama unajua," alisema mwishowe, "si ukae unishike?"

"Nikikushika napata nini?" Nusu aliuliza. "Nusu yangu ninayo tayari."

Shemeji akafungua kufuli ya juu, Nusu akaingia na kuchukua beseni lake, ubao wa kusugulia na vibanio. Mkebe wa vifungo aliuacha, aliona si wake peke yake. Karibu na bomba alisimama. Alivua kandambili na kuweka mguu juu ya mkono ule wa saruji, mguu mzima, mpaka akahisi baridi ya vidole vyote vitano. Alilia, lakini bomba lilikuwa wazi na shemeji alikuwa mbele ya duka. Kisha akafunga bomba, akaondoka.

Chumba cha hospitali kilikuwa kibaya kuliko alivyoelezwa. Vitanda vilitolewa kimoja kimoja, paa likazibwa, karo zikasuguliwa kwa mchanga. Matroni alimgombeza siku ya kwanza kwa kuchelewesha mashuka ya wodi ya watoto, akamgombeza vizuri, mtu mmoja kwa mtu mmoja, na Nusu akaomba radhi bila kutafuta pa kuutupia mzigo. Aliona ni jambo geni, na si baya. Mlangoni alitundika kufuli ya mumewe. Moja.

Wateja wa zamani wakaanza kuja na vifurushi vyao, mmoja mmoja, wakijifanya wamepita tu. Kutoka kwao alipata habari. Shemeji alikuwa sasa anafungua duka kwa ufunguo mmoja, wakati wowote autakao, na wakati autakao ulikuwa unasogea kuelekea adhuhuri. Alikuwa na karo zote, kamba zote, jina lote. Alikuwa amefua mashati meupe ya karani mmoja pamoja na taulo jekundu, na karani sasa anakwenda ofisini amevaa waridi. Nusu alicheka aliposikia, halafu akaacha, kwa sababu duka lile lilikuwa la mumewe na mashati yale yamefuliwa kwenye karo zake.

Kilichomtesa Nusu kilikuwa pasi. Alifua kama zamani, lakini kupiga pasi hakujaliwa. Mashuka ya hospitali yalitoka na mikunjo, na Matroni alishasema mara mbili.

Jumamosi, fundi saa na Mwalimu walikuwa wamemfuata kule, na waliweka dau la maharage, ambayo hayana heshima na yanaviringika. Jumamosi ya tatu wakiwa wameketi hivyo, mlangoni alisimama shemeji na mkebe kwapani. Fundi saa alisogea, akampa nafasi kwenye benchi. Shemeji akamimina vifungo mezani na Mwalimu akaanza kugawa.

Mchezo wa mwisho wa siku hiyo Nusu alipata karata nzuri kiasi, si za ajabu. Mkono wake ulikwenda chini ya meza, ukarudi, na alipoufungua ulikuwa na vifungo viwili. Fundi saa alisimama kabisa kutazama. Upande wa juu alishinda. Upande wa chini Mwalimu, aliyesubiri karata yake ya tano mpaka mwisho wa dunia na safari hii ikaja, akampita kwa karata moja. Nusu akapoteza kote. Akatazama kiganja chake, akaanza kucheka, na ilibidi wamsubiri amalize.

Wengine walipoondoka, shemeji alibaki akikusanya vifungo, kimoja kimoja, akivipanga kwa ukubwa jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitazama rundo la mashuka kwenye kona. Alitazama pasi.

"Kule kazi ni nyingi mno," alisema. "Wateja hawanipi nafasi. Lakini nikipata mwanya wiki hii, naweza kuja kukupigia haya mawili matatu."

Akalowesha kidole.

Nusu alikiona. Angeweza kumwambia kwamba karani mwenye mashati ya waridi alikuwa hapa jana. Alifunika mkebe, akauweka rafuni, juu ya sabuni.

"Mlango huu una kufuli moja, Shemeji," alisema. "Ufunguo ninao mimi. Kazi inaanza asubuhi, na anayegombezwa na Matroni ni mimi, kwa hiyo atakayekugombeza wewe ni mimi pia."

Shemeji aliinuka. Aliaga, akatoka, akasimama nje kidogo kana kwamba amesahau kitu, kisha akaenda.

Jumatatu alikuja. Alichelewa, na Nusu alimwambia amechelewa. Pasi ilikuwa imeshachomekwa. Shemeji alitandaza shuka la kwanza mezani, akalowesha kidole, akagusa chuma, akasikiliza. Ilikuwa moto kweli.